Ndoano na Uzi wa Kuvulia kwa Mkate: Mwongozo Kamili kwa Wavuvi wa Kisumu, Naivasha na Mito ya Magharibi

Ukiingia duka la vifaa vya uvuvi mjini Kisumu, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni uzi. Muuzaji atakutolea ule mnene, auvute kwa mikono miwili mbele yako, akuambie huu unabeba mbuta, yaani sangara. Ni kweli, unabeba mbuta. Lakini mbuta hana haja na mkate. Yeye anawinda samaki wenzake, na vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili yake vimewanyima watu wengi samaki siku waliyotoka kuvua ngege, yaani tilapia. Mkate ni chambo laini na chepesi. Unavimba majini, unalegea, na ukifungiwa kwenye chuma kizito unakatika kabla samaki hajaufikia.

Kwa hiyo utaratibu wa kuchagua lazima ugeuke. Anza na samaki na kinywa chake. Kinywa kikwambie ukubwa wa kipande cha mkate, kipande kikuchagulie ndoano, na ndoano ikuchagulie uzi. Uzi ununuliwe mwisho. Nitakwenda hatua kwa hatua kwa mpangilio huo huo.

Neno moja la sheria kwanza. Uvuvi Kenya unasimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na kila ufuo una kamati yake ya BMU (Beach Management Unit, kitengo cha usimamizi wa ufuo). Fika ofisini kwao, uliza kibali na uliza kama ziwa limefunguliwa, maana Naivasha hufungwa kwa muda ili samaki wazaane. Ziwa Nakuru lenyewe liko ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo hapo si mahali pa kutupa ndoano.

Hatua ya 1: Mjue atakayekula mkate wako

Ngege ndiye wengi wetu tunayemfuata, kuanzia Dunga hadi Usenge, na kwenye mabwawa ya Kakamega na Vihiga. Chakula chake kikubwa ni mwani na vijidudu vya majini, lakini ugali na mkate anavikubali vizuri, hasa akizoeshwa kwa makombo. Kinywa chake ni kidogo ukilinganisha na mwili. Hamezi kwa pupa: anavuta chambo ndani, anakionja, na akihisi kitu kigumu anakitema mara moja. Hiyo tabia ya kutema ndiyo inayoamua karibu kila kitu nitakachosema kuhusu ndoano yake.

Kapu ni samaki wa Naivasha. Alienea humo miaka ya 2000 na leo ni sehemu kubwa ya samaki wanaotolewa pale Karagita na Kamere. Midomo yake ni minene, laini kama mpira, na huirefusha kuelekea chini kama bomba ili kunyonya tope. Taya zake hazina meno. Meno yake yako kooni. Anaweza kunyonya kipande kikubwa cha mkate bila shida, lakini akishikwa ana nguvu na uvumilivu ambao ngege hana.

Kwenye mito ya Nzoia, Yala na Sondu kuna ningu na fwani. Fwani hasa ni samaki wa mkondo, na anapogeuka kufuata maji anakuwa na uzito wake pamoja na nguvu za mto. Kambare, yaani mumi, ana kinywa kipana na ndevu za kunusia. Mkate mtupu haumvutii sana, lakini donge la mkate lililokandwa na omena (dagaa) iliyosagwa atalifuata hata gizani. Kamongo, samaki mwenye mapafu, mwache kando. Taya zake hukata uzi wa nailoni, na ukitaka kumvua huyo mkate si njia.

Hatua ya 2: Andaa mkate kabla ya kununua chochote

Mkate mweupe wa kawaida, ule wa gramu 400 unaouzwa kila kioski, unatosha. Kuna namna tatu za kuutumia, na kila moja inataka ndoano yake.

Ya kwanza ni kiini kilichofinywa. Chukua slesi mpya, ya leo, chana kipande bila kukibonyeza, kunja juu ya mguu wa ndoano, kisha finya upande wa juu tu, karibu na tundu la uzi. Upande wa chini uache umefumka. Sehemu iliyofinywa inashika ndoano, na ile iliyofumka inacheza majini na kumwaga chembechembe ndogo zinazowaita samaki. Mimi naipenda hii kuliko zote.

Ya pili ni ganda. Kata mraba mdogo wa ganda la juu likiwa na kiini kidogo nyuma yake, pitisha ndoano kuanzia upande wa kiini, itokeze kwenye ganda, kisha irudishe. Ganda linaelea, na linafaa asubuhi tulivu unapoona midomo ikigusa uso wa maji.

Ya tatu ni donge. Chukua mkate wa jana au juzi, toa maganda, lowesha kidogo, funga kwenye kitambaa safi na ukamue maji, kisha kanda mpaka usishike vidole. Donge ni zito kidogo, linavumilia kutupwa mbali, na ndilo la kutumia mtoni.

Sasa fanya jaribio la beseni. Jaza beseni maji, tia mkate kwenye ndoano yoyote uliyonayo, udondoshe, uangalie. Kiini kilichofinywa vizuri kinazama polepole kikiyumba. Kikidondoka kama jiwe, umekifinya mno au ndoano ni nzito mno. Kikielea, kina hewa nyingi. Kifinye zaidi kidogo. Kiache dakika tano, kisha kivute kwa ghafla. Ndoano ikitoka safi na mkate ukabaki nyuma, hivyo ndivyo ndoano inavyotakiwa kupita ili ifike kwenye mdomo wa samaki. Ikitoka na donge zima limeikaba ncha, samaki angekuwa ameshatema. Jaribio hili linafundisha kuliko maelezo yoyote ya muuzaji.

Hatua ya 3: Chagua ndoano

Namba za ndoano ndogo zinakwenda kinyume: 16 ni ndogo kuliko 10, na 10 ni ndogo kuliko 6. Zikifika 1 hesabu inageuka, zinaandikwa 1/0, 2/0, 3/0, na hapo namba ikipanda ndoano nayo inakua. Lakini watengenezaji hawalingani. Namba 8 ya pakiti moja inaweza kukaribia namba 6 ya pakiti nyingine. Namba ikufikishe kwenye rafu, kisha macho yaamue.

Nenda dukani na kipande cha mkate mfukoni, kimefungwa kwenye karatasi. Mwombe muuzaji akuruhusu uweke ndoano kando ya kipande hicho. Kwa ngege, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kinataka ndoano namba 12 au 10. Kipande cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 5 kinataka namba 8. Kwa kapu, panda hadi kipande cha sarafu ya shilingi 20 na ndoano namba 6 au 4. Fwani na ningu wanachukua 8 au 6. Kambare apewe 2 au hata 1/0. Ukiwa huna hakika kati ya namba mbili, chukua ndogo kwa ngege na kubwa kwa kapu.

Baada ya ukubwa, tazama umbo. Unachotafuta ni mguu mfupi na mdomo mpana, yaani nafasi kati ya ncha na mguu. Mguu mfupi unafichika ndani ya mkate, na mdomo mpana unaacha njia kwa ncha hata mkate ukishavimba. Ndoano ndefu nyembamba, zile ambazo watoto hutumia kwa nyungunyungu, zinamfaa nyungunyungu kwa sababu mwili wake unalala juu ya mguu. Kwa mkate zinaacha chuma kitupu kinang'aa juu na donge chini.

Unene wa waya ndio unaopuuzwa zaidi, nami naomba usiupuuze. Waya mwembamba hauchani mkate, unazama taratibu pamoja nao, na unapenya mdomo wa samaki kwa mvuto mdogo. Waya mnene unatoboa tundu kubwa kwenye mkate, na ukitupa, mkate unaruka peke yake. Ndoano nyingi zinazojazana kwenye maduka ya pwani ya ziwa ni za waya mnene kwa sababu zimetengenezwa kwa mitego mirefu ya mbuta. Kwa ngege, zikatae. Kwa kapu unahitaji waya wa kati, maana waya mwembamba sana ataunyoosha. Unaweza kupima hapo hapo: pachika ncha kwenye ubao, shika mguu kwa plaiasi, vuta. Ndoano nzuri inapinda kidogo na kurudi. Inayopinda na kubaki hivyo ni chuma laini, na inayokatika ni chuma kilichochomwa vibaya. Nunua pakiti ndogo kwanza, pima moja, ndipo urudie nyingine.

Ncha ipime kwenye ukucha. Iburute juu ya ukucha wa gumba kwa mshazari bila kukandamiza. Ikishika na kuacha mkwaruzo, ni kali. Ikiteleza, iache. Ngege anayetema haraka anakupa nafasi moja tu, na ncha butu inaipoteza. Rudia kipimo hicho kila unapogusa jiwe au kisiki.

Kile kijino kilicho nyuma ya ncha unaweza kukibonyeza kwa plaiasi kikalala. Ukifanya hivyo utahitaji kuweka uzi umekaza muda wote, lakini samaki wadogo utawarudisha bila kuwachana midomo. Ninashauri hivyo kwa dhati Ziwa Kanyaboli, kaunti ya Siaya, ambako bado wanaishi aina za ngege wa asili ambao katika Ziwa Victoria lenyewe wametoweka karibu kabisa baada ya kuletwa mbuta na sato (tilapia wa Mto Nile) kutoka nje.

Mwisho, kichwa cha ndoano. Kuna zenye tundu na kuna zenye kichwa bapa. Anayeanza achukue zenye tundu. Kichwa bapa ni chepesi na kinakaa vizuri zaidi ndani ya mkate, ila kinataka fundo lake, nitalieleza chini.

Hatua ya 4: Chagua uzi

Sasa unajua ndoano, na uzi unajichagua. Sababu ni ya kimitambo. Ndoano ya waya mnene inahitaji mvuto mkubwa ili ipenye. Ukiifunga kwenye uzi mwembamba, uzi utakatika kabla ncha haijaingia. Ndoano ya waya mwembamba ukiifunga kwenye uzi mnene, uzi hautakatika kamwe, lakini ndoano itanyooka na samaki ataondoka. Viwili hivi lazima vichoke karibu pamoja, uzi ukitangulia kidogo.

Kwa ndoano namba 12 hadi 8 na ngege wa kawaida, tumia uzi wa milimita 0.18 hadi 0.22, ambao hubeba kati ya kilo 2.5 na 4. Kwa kapu na namba 6 au 4, milimita 0.28 hadi 0.30, kilo 5 hadi 7. Fwani mtoni, milimita 0.25 na kuendelea, kwa sababu ya mkondo na mawe. Kambare, 0.35 hadi 0.40. Hivyo ni vipimo vya anayetumia fimbo yenye rili. Mwenye mwanzi mtupu hana uzi wa kumwachia samaki, na mwenye mshipi wa mkono hana hata ncha ya mwanzi ya kupunguza mshtuko. Hao wapande hatua moja ya unene. Urefu wa uzi kwenye mwanzi ulingane na mwanzi wenyewe au uwe mfupi kidogo, ili samaki afike mkononi.

Aina ya uzi: chukua nailoni ya kawaida ya uzi mmoja. Inanyumbuka, na mnyumbuko huo unalinda mkate usichanike unapotupa na unalinda mdomo wa samaki unapovuta. Uzi wa kusukwa ni mwembamba na una nguvu, lakini haunyumbuki hata kidogo. Kila mtupo unapasua kiini, na kwenye mawe ya Hippo Point, Kisumu, unasagika haraka. Uzi wa florokaboni unazama, na ukiutumia na ganda linaloelea utaliburuta chini. Watu huchanganya jambo moja la sheria hapa: kilichopigwa marufuku Kenya ni nyavu za nailoni ya uzi mmoja, si uzi wa ndoano.

Rangi isikusumbue kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ambako maji yana tope na mwani karibu mwaka mzima. Unene una maana kubwa zaidi ya rangi, kwa sababu uzi mnene ni mgumu na unauzuia mkate kucheza. Kwenye bwawa la maji angavu, chagua usio na rangi.

Usiamini kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko. Pima nyumbani kwa mtungi wa lita 10. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tia lita mbili, funga uzi kwenye mpini kwa fundo lile lile utakalotumia, na uinue polepole. Ukibeba, ongeza nusu lita, inua tena. Pale unapokatika ndipo nguvu yake halisi, pamoja na fundo lako. Fanya hivyo bila ndoano, maana uzi ukikatika unaruka usoni.

Jua linaua nailoni. Kibunda kilichoning'inia miezi mingi kwenye dirisha la duka kinaweza kuonekana kipya na kikakatika kama nyuzi za buibui. Omba kilichokaa ndani ya boksi. Pitisha mita mbili katikati ya vidole. Ukihisi ukavu, mikwaruzo au mikunjo isiyonyooka, usinunue. Uzi unaotumiwa kila wiki ubadilishe angalau mara moja kwa mwaka, na kibunda chako kiweke gizani.

Hatua ya 5: Unganisha

Kwa ndoano yenye tundu: pitisha uzi tunduni, zungusha ncha yake juu ya uzi mrefu mara 5 au 6, irudishe kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate, vuta taratibu mpaka mizunguko ijipange. Kwa uzi wa 0.35 na zaidi, mizunguko 4 inatosha. Fundo lililokazwa kavu linaunguza nailoni, na hapo unapoteza sehemu kubwa ya nguvu uliyolipia.

Kwa kichwa bapa: laza uzi kando ya mguu ukiwa umefanya kitanzi, zungusha ncha kuuzunguka mguu pamoja na uzi mara 7, ipitishe kitanzini, lowesha, kaza. Hakikisha uzi mrefu unatokea upande wa mbele wa mguu, ule unaotazamana na ncha. Ukitokea nyuma, ndoano inavuta kwa pembe mbaya na kichwa bapa kinaukata uzi.

Kipande cha mwisho chenye ndoano, sentimita 30 hivi, kiwe chembamba kidogo kuliko uzi mkuu. Ndoano ikinasa kwenye kisiki au magugu maji, utapoteza sentimita hizo tu, na samaki hatabaki akiburuta uzi mrefu na boya.

Boya liwe jepesi. Kipande cha kandambili kuukuu, kilichokatwa chembamba na kuchongwa ncha, kinafanya kazi vizuri. Vijipande vya risasi viweke karibu na boya, na nusu mita ya mwisho iache tupu ili mkate ushuke kwa uzito wake wenyewe. Mtoni ni kinyume: weka chubwi ndogo sentimita 20 juu ya donge, mkondo usilinyanyue. Risasi ibane kwa plaiasi, si kwa meno, kwani ni sumu. Kama una rili, legeza breki yake mpaka uzi utoke kwa mvuto wa theluthi moja ya nguvu uliyoipima kwa mtungi.

Hatua ya 6: Majini, na kusoma dalili

Jifunze kwanza kwenye bwawa la samaki la jirani, kwa ruhusa yake. Mengi ya magharibi yalichimbwa kwa mpango wa serikali wa kuanzia 2009, ya mita za mraba 300, na ngege wake wamezoea kulishwa. Ziwani, tafuta uwazi kati ya magugu maji, na uondoke upepo ukianza kuyasukuma kuelekea kwako. Usisimame majini: kichocho kipo, mamba wapo. Naivasha usivue kutoka kwenye mafunjo alfajiri au jioni, kwa sababu viboko huua watu pale. Panda mashua na mtu anayelijua ziwa.

Tupia makombo kidogo, kiasi cha kuwaita bila kuwashibisha. Boya likitikisika bila kuzama na mkate ukaisha, wanaokula ni wadogo: punguza kipande, shuka hadi ndoano 14, na ushuke uzi pia hadi 0.16. Ukipunguza ndoano peke yake, uzi mnene utaibeba na mkate utakaa kama umetundikwa. Boya likizama kila mara na usipate kitu, ncha imezibwa na mkate. Finya kidogo zaidi juu na uache chini kufumke. Ndoano ikirudi imenyooka, kuna kapu, na waya wako ni mwembamba.

Uzi ukikatika, usiutupe kabla ya kuutazama mwisho wake. Mwisho uliojikunja kama mkia wa nguruwe unasema fundo liliteleza. Uliochakaa na wenye nyuzi nyuzi umesagwa na jiwe au kisiki. Uliokatwa safi kama kwa kisu, yamkini ni meno ya kamongo, basi hama mahali. Uliorefuka na kuwa mwembamba kabla ya kukatika ulizidiwa nguvu, na breki yako imekazwa mno. Kwa hali yoyote kata mita moja nzima, funga upya, na kipande ulichokata kitie mfukoni, kwa sababu ndege wa ziwani hunaswa miguu na nailoni na haiozi miaka mingi.